Pampu Iliyojiwasha Usiku: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba Moja na Sauti Zake

Usuli

Nyumba inayozungumziwa hapa ni ya chini, isiyo na ghorofa, na wakati wa tukio ilikuwa na wakaaji sita: wazazi, watoto watatu, na bibi mzaa baba ambaye chumba chake kinapakana na stoo ya pampu. Majina na alama zote zinazoweza kuwatambulisha zimeondolewa. Familia imeridhia kisa kielezwe ili wengine wajifunze, kwa sababu gharama waliyokaribia kuingia ingeweza kuepukwa mapema, na hatari waliyoiponea ilikuwa kubwa kuliko gharama.

Mfumo wa maji wa nyumba hiyo ni wa kawaida. Maji huingia kwanza kwenye tangi la akiba lililo nje, kisha pampu huyasukuma kwenda bafuni, jikoni na kwenye mashine ya kufulia. Kando ya pampu pana tangi dogo la chuma la lita 60, liitwalo tangi la presha, ambalo ndani yake mna mpira unaotenganisha maji na hewa. Pampu inapofanya kazi, maji huujaza mpira na kuibana hewa iliyo nje ya mpira huo. Pampu inapozimika, hewa iliyobanwa huyasukuma maji hadi kwenye koki, ili pampu isilazimike kuwaka kila mtu anaponawa mikono. Swichi ya presha iliwekwa iiwashe pampu presha inaposhuka hadi bari 2.1 (bari ni kizio cha presha) na kuizima inapofika bari 3.4. Kwa vipimo hivyo, na hewa ya tangi ikiwa imejazwa ipasavyo kufikia bari 1.9, tangi hilo hutoa takriban lita 16 na nusu kabla pampu haijahitajika tena.

Msomaji ayakumbuke maelezo haya, kwa kuwa ndiyo yanayoifanya sauti ya pampu kuwa shahidi mzuri. Ikiwa hakuna maji yanayotoka popote, pampu haina sababu ya kuwaka. Ikiwaka, kuna maji yanayokwenda mahali, hata kama hakuna jicho lililoyaona.

Mfuatano wa matukio

Sauti ya kwanza haikuhusishwa na pampu kabisa. Tangu mashine ya kufulia ilipofungwa, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mambo kuharibika, kila mashine ilipomaliza kuchota maji palisikika kishindo kimoja kizito ndani ya ukuta wa bafu, kama mtu aliyegonga kwa ngumi upande wa pili. Mwanzoni watoto walikuwa wakishtuka. Baada ya majuma machache hakuna aliyekitaja tena, na mama wa nyumba alipokuja kuulizwa baadaye alijibu kwamba hiyo ndiyo sauti ya mashine yao.

Sauti ya pili ilianza miezi mingi baadaye, na aliyeigundua ni bibi. Alisikia pampu ikiwaka usiku, mara mbili hivi kati ya kulala na alfajiri, na kila mara ikiunguruma kwa takriban nusu dakika kabla ya kuzima. Alimweleza mwanawe: “Mwanangu, hii mashine inaamka na sisi tumelala. Nani anayeoga saa nane usiku?” Baba wa nyumba alisimama nje ya stoo usiku uliofuata na akasikia pia mlio wa swichi ya presha, ule mgoto mkavu unaotangulia mngurumo wa pampu. Kwa kuwa mgoto huo ndio uliokuwa wa kwanza kusikika, aliona kwamba swichi ndiyo mbovu. Fundi aliitwa, akaambiwa kuwa swichi inajiwasha yenyewe, akaibadilisha.

Swichi mpya ilipowekwa, kiwango cha kuwasha kilishushwa hadi bari 1.5, huku kile cha kuzima kikibaki palepale. Matokeo yake yalidhaniwa kuwa tiba: pampu ilianza kuwaka mara moja tu kwa usiku, na usiku mwingine haikusikika kabisa. Bibi alipouliza tena aliambiwa, “Mama, fundi ameshabadilisha swichi, imekwisha hiyo.” Hata hivyo dalili mpya ilijitokeza bafuni. Mtu akiwa anaoga, maji yalikatika kwa nukta chache kisha yakarudi kwa nguvu, na katikati ya mkatiko huo pampu ilisikika ikiwaka. Hakuna aliyelihusisha jambo hilo na swichi mpya.

Baada ya muda hali ilibadilika ghafla. Usiku pampu ilianza kuwaka kila baada ya nusu saa au chini ya hapo, na mchana, koki moja tu ikifunguliwa, iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, bila kutulia. Ndipo baba aliposhauriwa kwamba pampu imechoka na inafaa kununuliwa nyingine. Alikuwa tayari ameanza kutafuta fedha za kazi hiyo aliponiomba nikaiangalie kwanza.

Sauti ya tatu niliisikia mwenyewe nilipoingia stooni, na wenyeji hawakuwa wameizingatia kwa sababu mngurumo wa pampu uliifunika. Pampu ilipokuwa inawaka, ndani ya kifuniko cha swichi palitatarika kwa sauti ndogo, kavu, isiyo na mpangilio, na harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwapo hafifu hewani.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha habari zote za maji na kukata umeme wa pampu kutoka kwenye swichi kuu ya nyumba, bila kugusa kifuniko kilichokuwa kikitatarika. Vifaa vya umeme vina sauti nyingi zisizo na madhara. Mota na transfoma, kwa mfano, huvuma kwa mvumo mmoja ulio sawa, kwa kuwa chuma chake hutetemeshwa na umeme wenyewe. Mahali penye umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, mvumo huo huwa wa hezi 100. Mvumo usiobadilika kwa kawaida si wa kuogopesha. Mtatariko ni jambo jingine kabisa: ni cheche ndogo zinazoruka kwenye pengo, mara nyingi mahali ambapo skrubu ya kushikia waya imelegea, na pengo hilo hutoa joto la kutosha kuyeyusha plastiki na kuwasha moto. Sauti ya aina hiyo haisubiri uchunguzi. Fundi umeme alipofungua kifuniko aliikuta skrubu moja imelegea, ganda la waya limekuwa la kahawia karibu na ncha, na vidole vya swichi, yaani ncha zinazogusana kupitisha umeme, vimechimbika kwa cheche. Swichi ilikuwa na umri wa miezi michache tu.

Wakati fundi umeme akiendelea, niliomba kuzungumza na bibi na yeyote mwingine aliyekuwa akisikia. Uamuzi huu ndio uliookoa muda mwingi kuliko wowote. Ilibainika kwamba binti mkubwa alikuwa ameanza, kwa kuombwa na bibi yake, kuandika kwenye daftari saa ambazo pampu iliwaka. Mstari mmoja ulisomeka hivi: “Saa 8:10 usiku. Imewaka, imezima kabla sijahesabu kumi. Wote wamelala.” Chini yake palikuwa na saa 8:36, kisha saa 9:01. Bibi naye aliongeza jambo ambalo daftari halikuwa nalo kwa kuwa lilianza kuandikwa baadaye: kwamba hapo zamani pampu iliwaka mara chache lakini kwa muda mrefu, na sasa inawaka mara nyingi lakini kwa muda mfupi.

Maneno hayo ya bibi yalitenganisha matatizo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja. Muda ambao pampu inaunguruma huonyesha ni maji kiasi gani yanayoingia kwenye tangi la presha. Mngurumo wa nusu dakika ulimaanisha kwamba tangi lilikuwa bado linapokea maji yake yote. Mngurumo usiofika hesabu ya kumi ulimaanisha kwamba tangi halipokei karibu chochote. Kwa hiyo hapo mwanzo palikuwa na maji yanayovuja huku tangi likiwa zima, na baadaye tangi nalo likafa.

Kulithibitisha hilo lilikuwa jambo dogo. Tangi lilipogongwa kwa kifundo cha kidole kuanzia juu hadi chini, lilitoa mlio mzito uleule kila mahali, ilhali tangi zima husikika kuwa tupu upande wenye hewa na kujaa upande wenye maji. Kisha kipini cha kujazia hewa, kinachofanana na kile cha tairi, kikabonyezwa kidogo. Yalitoka maji. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka, na kwa kuwa maji hayabanani kama hewa, presha ilikuwa ikipanda hadi kiwango cha kuzima kwa lita mbili hivi na kushuka upesi vilevile.

Wenyeji walitaka tangi libadilishwe papo hapo. Niliwasihi tusubiri, na sababu ni hii: tangi bovu lilikuwa limeigeuza geji ya presha kuwa chombo chepesi mno cha kugundulia uvujaji. Tangi likiwa zima, uvujaji mdogo huchukua zaidi ya saa tatu kuishusha presha kutoka bari 3.4 hadi 2.1. Tangi likiwa limepasuka, uvujaji huohuo unaonekana kwenye geji ndani ya dakika chache. Ilikuwa afadhali kuutumia ubovu huo kabla ya kuuondoa.

Fundi umeme alipomaliza kuweka swichi nyingine na kukaza waya zote, pampu iliwashwa hadi bari 3.4, kisha umeme ukakatwa. Koki kuu inayopeleka maji ndani ya nyumba ilifungwa, na geji ikaangaliwa kwa nusu saa. Haikusogea. Hapo tulijua kwamba upande wa pampu ni salama, na kwamba vali inayozuia maji yasirudi kwenye tangi la akiba inashika vizuri. Vali hiyo ikivuja, pampu hujiwasha usiku kwa namna ileile, na watu hubomoa kuta kutafuta uvujaji ambao haupo. Koki kuu ilipofunguliwa, mshale ulianza kushuka. Maji yalikuwa yakipotea ndani ya nyumba.

Choo ndicho mshukiwa wa kwanza katika hali kama hii, kwa sababu tangi la choo linaweza kuvujisha maji kwenda kwenye bakuli kimya kabisa. Rangi ya chakula ilitiwa kwenye matangi ya vyoo vyote na kuachwa nusu saa bila mtu kuvuta maji. Bakuli zilibaki safi. Baada ya hapo matawi ya mabomba yalifungwa moja baada ya jingine. Jikoni ilipofungwa mshale uliendelea kushuka. Hita ya maji ilipofungwa uliendelea. Tawi linalokwenda kwenye mashine ya kufulia lilipofungwa, ulisimama.

Kilichobaki kilikuwa kupata mahali penyewe, na hapa masikio yalitusaidia kwa kiasi fulani tu. Bomba la chuma husafirisha mluzi wa uvujaji mbali sana, lakini la plastiki huumeza sauti hiyo ndani ya hatua chache. Niliegemeza ncha ya bisibisi ndefu ukutani na mpini wake sikioni, nikipitia kigae kimoja baada ya kingine, na sikusikia kitu. Bisibisi ilipoguswa kwenye koki ya shaba ya mashine, mluzi mwembamba, usiokatika, ulisikika waziwazi. Ulipotea koki ya tawi ilipofungwa na kurudi ilipofunguliwa. Tuliamua kutoa vigae viwili tu, vilivyo chini ya koki hiyo.

Nyuma yake palikuwa na elbo ya plastiki, yaani kiungo cha kupindishia bomba, iliyokazwa kwenye parafujo za koki ya shaba, na kwenye shingo yake ufa mwembamba uliokuwa ukitoa maji kwa jasho zaidi kuliko kwa mruko. Bomba lenyewe halikuwa limeshikwa na kibanio chochote ndani ya ukuta. Lilikuwa limejichimbia kifereji laini kwenye plasta kwa kusuguana nayo, na upande uliokuwa ukisuguana ulikuwa umeng’aa. Kishindo cha zaidi ya mwaka mmoja kilikuwa kimeacha alama zake hapo.

Matokeo

Elbo ilibadilishwa, bomba likafungwa vibanio viwili kabla ukuta haujazibwa, na karibu na koki ya mashine kikawekwa kichupa chenye hewa kinachopokea mshindo wa maji vali inapofunga ghafla. Mpira wa tangi la presha ulibadilishwa, na hewa ikajazwa hadi bari 1.9 tangi likiwa tupu, kwani kipimo hicho hakina maana tangi likiwa na maji. Swichi ilirudishwa kwenye bari 2.1 na 3.4.

Ili kutotegemea masikio peke yake, maji yanayoingia kwenye tangi la akiba yalifungwa usiku na kipande cha utepe kikabandikwa kwenye usawa wa maji. Kipimo kama hicho kilikuwa kimefanywa pia kabla ya ukarabati, na katika saa saba usawa ulikuwa umeshuka sentimita tatu. Kwa tangi la duara lenye kipenyo cha mita 1.2, hizo ni lita 34 hivi. Baada ya ukarabati maji yalikutwa asubuhi kwenye utepe uleule, na daftari la binti halikuwa na mstari mpya. Pampu haikununuliwa.

Si kila kitu kilirudi kuwa kizima. Rangi ya ukuta wa korido ulio nyuma ya bafu iliendelea kubambuka kwa muda kwa sababu ya unyevu uliokwisha kuingia, na pampu yenyewe, ambayo ililazimishwa kuwaka mara nyingi kupita kiasi, sasa ina mkwaruzo mdogo kwenye beringi ambao bibi anasema haukuwapo. Wenyeji wameamua kuiacha ifanye kazi huku mlio wake ukirekodiwa kwenye simu mara moja kwa mwezi, simu ikiwekwa mahali palepale, ili beringi zibadilishwe mkwaruzo ukiongezeka.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi lilikuwa kukidhania kitu kinachotoa sauti kuwa ndicho chenye ubovu. Swichi iligota kwa sababu presha ilishuka, nayo ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa. Pampu iliunguruma kwa sababu swichi iliiamuru. Mlolongo wote ulikwenda hadi kwenye ufa usio na sauti ndani ya ukuta, na ufa huo nao ulikuwa na mzazi wake, yaani kile kishindo. Kwa kadiri ushahidi wa plasta na elbo ulivyoonyesha, sauti iliyoleta madhara yote ndiyo pekee ambayo familia ilikuwa imekwisha kuizoea.

Nguvu ya kishindo hicho haipaswi kudharauliwa. Vali ya mashine ya kufulia hufunga kufumba na kufumbua, na maji yaliyokuwa yakienda kasi hayana pa kwenda. Mwendo huo hugeuka kuwa presha inayosafiri ndani ya bomba kwa kasi ya sauti. Katika bomba la chuma, maji yaliyokuwa yakienda mita moja kwa sekunde yakisimamishwa ghafla huongeza presha kwa zaidi ya bari 10. Plastiki hutanuka kidogo, hivyo ongezeko huwa dogo zaidi, kiasi cha bari 4 hadi 6 kwa mabomba mengi, lakini hata hilo linazidi presha yote ambayo pampu ya nyumba hii iliwekwa kutoa. Elbo isiyoshikwa na kibanio hupokea pigo hilo kila mashine inapochota maji, na kila ufuaji mmoja una michoto kadhaa.

Kosa la pili ni kuifurahia sauti kwa kupungua. Kiwango cha kuwasha kiliposhushwa hadi bari 1.5, uvujaji haukupungua hata kidogo kwa maana ya ukarabati. Kilichotokea ni kwamba tangi liliruhusiwa kujimaliza kabisa, likitoa lita 20 hivi badala ya 16 na nusu kabla ya pampu kuitwa. Usiku ukawa na mlio mmoja pungufu. Isitoshe, swichi ilikuwa sasa inawasha chini ya presha ya hewa ya tangi, na ndiyo maana maji ya kuogea yalikatika: tangi lilikuwa limeisha na pampu haijaitwa bado. Mpira uliokuwa ukisukumwa hadi mwisho wake kila mara ulichoka upesi kuliko ambavyo ungechoka kwa kawaida, na sina shaka kwamba marekebisho hayo yalichangia kupasuka kwake. Fundi hakuwa mzembe kwa hili. Aliletewa hukumu badala ya dalili, akaambiwa swichi ni mbovu, naye akabadilisha swichi.

Jambo la tatu linahitaji hesabu kidogo, kwa kuwa ndilo lililokaribia kuipeleka familia dukani. Pampu ilipoanza kuwaka kila baada ya dakika ishirini na tano, kila mtu aliamini kwamba uvujaji umeongezeka mara nyingi. Lakini lita 34 kwa usiku, zikigawanywa kwa lita 16 na nusu za tangi zima, ni mwako mara mbili, sawa na alivyosikia bibi mwanzoni. Lita hizohizo 34, zikigawanywa kwa lita mbili za tangi lililopasuka, ni mwako mara 17 katika saa saba, sawa na daftari. Maji yaliyopotea yalikuwa yaleyale. Kuhesabu miwako peke yake hakuonyeshi ukubwa wa uvujaji; utepe kwenye tangi la akiba ndio unaouonyesha. Hata ile sauti ya umeme ilizaliwa humu. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikiwa imeshachanganya, na vidole vya swichi hubeba mzigo huo kila inapowaka. Mchana, kwa kuwaka na kuzima kila baada ya nukta chache, swichi mpya ilibebeshwa kazi ya miaka ndani ya majuma, na skrubu iliyolegea ikamalizia.

Kilichofanya kazi vizuri kilikuwa kumsikiliza anayelala karibu na chanzo cha sauti. Bibi hakujua chochote kuhusu bari wala mpira wa tangi, lakini aliijua nyumba ikiwa kimya, na kila tofauti aliyoitaja ilikuwa ya kweli. Nimeona katika nyumba nyingi kwamba wazee na wagonjwa, wanaokaa ndani saa nyingi, husikia mabadiliko kabla ya wengine na huambiwa kwamba ni usingizi mwepesi. Daftari la binti liliyapa maneno ya bibi yake uzito, kwa sababu liliandika mambo matatu kwa pamoja: saa, urefu wa mlio, na kama kuna mtu aliyekuwa akitumia maji.

Mambo hayohayo matatu hutofautisha sauti nyingine za nyumbani ambazo kwa masikio matupu zinafanana. Familia hii ilikuwa pia na hofu ya paa, ambalo hualika, yaani hutoa mlio kama wa kitu kinachopasuka, kwa nguvu jioni. Bibi alipoulizwa saa, alisema ni baada tu ya jua kuzama, na siku za mawingu haisikiki. Bati la chuma lenye urefu wa mita 10 likipoa kwa nyuzi 30 hunywea karibu milimita tatu na nusu, na kunywea huko dhidi ya misumari ndiko kunakoalika. Paa lilikaguliwa mara moja na kuachwa. Lingekuwa linaalika usiku wa manane wakati hakuna badiliko la joto, au upande mmoja tu baada ya mvua, ningetaka mbao zake zichunguzwe. Hita ya maji inayotoa milio kama ya mahindi yanayopasuka wakati wa kuchemsha, na kunyamaza ikipoa, kwa kawaida ina tabaka la chokaa chini linalonasa maji na kuyachemsha hapo. Jokofu linalogota kila baada ya dakika chache bila kufuatwa na mngurumo lina kompresa inayojaribu kuwaka na kushindwa.

Mpangilio wa kushughulikia sauti ulikuwa sahihi katika ziara ile, na ningependa ufuatwe na kila anayekutana na sauti zaidi ya moja: mtatariko wa umeme kwanza, hata kama ndio mdogo kuliko yote, kisha maji, kisha vitu vinavyozunguka kama beringi na feni. Nyumba yenye mtungi wa gesi ingeichukulia sauti ya gesi inayovuja karibu na mtungi sawa na mtatariko: kufunga mtungi ikiwa inawezekana bila hatari, kufungua madirisha, kutogusa swichi yoyote ya taa, na kutoka nje.

Kilichoshindikana, na ambacho hakikurekebishwa na ukarabati wowote, ni namna taarifa ilivyomfikia fundi wa kwanza. Hakuambiwa kuhusu kishindo cha ukutani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba ni sauti. Hakuambiwa kwamba pampu huwaka watu wakiwa wamelala, jambo ambalo lingemwelekeza kufunga koki kuu na kuiangalia geji, kazi isiyohitaji kifaa chochote. Baba wa nyumba sasa amebandika karatasi ndani ya mlango wa stoo yenye maswali ambayo mtu atayajibu kabla ya kupiga simu: sauti ilianza lini, husikika saa ngapi na kwa muda gani, ni koki, mashine au taa gani iliyokuwa ikitumika, hukoma kipi kati ya hivyo kikifungwa, na kuna sauti gani nyingine ambayo nyumba imekuwa nayo siku zote. Swali la mwisho liliongezwa na mkewe, na lilipojibiwa kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe ndiye aliyetaja feni ya dari ya chumba cha watoto, ambayo ilikutwa na skrubu ya kuning’inizia iliyolegea nusu.